Unataka kuwa mwanahistoria wa jinsia? Anzia hapa, hatua kwa hatua

Kila mwaka kuna wanafunzi wa mwaka wa tatu wananifuata baada ya kipindi, mara nyingi wanakuja wawili wawili, wananiuliza swali lile lile: mwalimu, hivi hii historia ya wanawake na jinsia mtu anaweza akaifanya kazi kabisa, akala, akalea? Nawaambia ndiyo, inawezekana, ila ina njia zake na usipoambiwa mapema unapoteza miaka, mimi nilipoteza kama miwili hivi. Sasa naandika yote ninayowaambia pale koridoni. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi, wa Kenya na Uganda mtabadilisha majina ya ofisi tu.

Hatua ya 1: Jua unatafuta nini

Wengi wanadhani hii kazi ni kutafuta wanawake mashujaa na kuwachomeka kwenye kitabu, ukurasa mmoja wa Mekatilili aliyewaongoza Wagiriama kumpinga Mwingereza, mmoja wa Bibi Titi wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, basi tumemaliza. Hao ni muhimu sana na bado hatujawaandika vya kutosha, lakini kazi yenyewe ni pana kuliko hapo. Jinsi ni maumbile. Jinsia ni yale ambayo watu wameamua, kwamba mwanaume afanye hivi na mwanamke akae vile, na jambo lililoamuliwa na watu lina tarehe yake, lina sababu, na lina waliofaidika nalo. Joan Scott, mwanahistoria wa Marekani, aliandika makala mwaka 1986 ambayo mpaka leo kila anayeingia huku lazima aisome, na anachosema pale ni kwamba ukisoma jinsia unasoma mamlaka, hata kwenye kikao ambacho hakuna mwanamke hata mmoja.

Chukua neno boi, yaani mvulana kwa Kiingereza. Enzi za Mwingereza hapa Tanganyika kazi za ndani kwenye nyumba za Wazungu, kupika, kufua, kupiga pasi, kuandaa meza, zilifanywa kwa sehemu kubwa na wanaume, watu wazima wenye wake na watoto wao, na bado wakaitwa boi. Leo ukitaja mfanyakazi wa ndani kila mtu kichwani anamuona msichana. Sasa hapo katikati kimetokea nini? Mshahara ulikuwaje kazi ilipohama mikono? Kwanini kupika kulikuwa kazi ya mwanaume kwa mzungu halafu yule yule akirudi kwake hagusi sufuria? Ukiona maswali kama haya yanakukosesha usingizi basi endelea kusoma, na kama hayakugusi hakuna ubaya, kuna historia nyingine nyingi.

Wavulana huwa wananiuliza kama na wao wanaruhusiwa. Mnaruhusiwa na mnahitajika. Kuna vyumba hamtaingia, unyagoni hamtaingia, lakini kuna mazungumzo ya wazee wa kiume kuhusu mahari, jando, na nini kinamfanya mtu aitwe mwanaume, ambayo mimi nikikaa pale wanabadilisha mada.

Hatua ya 2: Digrii ya kwanza, linda GPA na shika lugha

Hapa sizunguki. Kuingia kufundisha chuo Tanzania kama mkufunzi msaidizi wanataka GPA ya 3.8 kwenda juu kati ya 5, na ukija na masta wanataka 4.0. Kwahiyo yale masomo unayoyadharau mwaka wa kwanza ndiyo yatakayokufungia mlango mwaka wa tatu, nimeona vijana wenye akili kweli kweli wakabaki nje kwa pointi moja.

Lugha ndiyo kitu hakuna anayekuambia. Mafaili ya Mjerumani yaliyoko Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, yale ambayo UNESCO waliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, yako kwa Kijerumani na mengi yana mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo unampa taabu. Ukanda wa pwani na Zanzibar barua nyingi za zamani ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hapo waliopita madrasa mna mtaji mkubwa ambao hamujui kama mnao. Na kilugha cha bibi yako. Usijaribu vyote, chagua kimoja ukikomalie miaka miwili mitatu mpaka ukimudu.

Hatua ya 3: Punguza mada

"Wanawake na ukoloni Tanganyika" hiyo siyo mada, hiyo ni maktaba nzima. Mada ni swali linaloweza kujibiwa na karatasi na watu unaoweza kuwafikia. Namna ninavyowafundisha ni hivi: chagua kitu kinachoshikika, chagua mahali, chagua miaka isiyozidi 40. Wanawake wapika pombe kwenye mji fulani na leseni walizotozwa. Wakunga wa jadi baada ya hospitali ya misheni kufunguliwa. Wanawake wa Upare kwenye ule mgogoro wa kodi ya mbiru miaka ya 1940, ambapo na wao walitoka wakaandamana. Ona kwamba kila moja ina pesa ndani yake, au mwili, au ardhi. Palipo na pesa, mwili au ardhi pana ugomvi, na palipo na ugomvi kuna mtu aliandika.

Nilipopeleka mada yangu ya kwanza mzee mmoja niliyekuwa namheshimu sana aliisoma akaniambia mama hii si historia, huu ni umbea wa majikoni. Nikaiweka pembeni, nikaandika kitu kingine nisichokipenda, ndiyo ile miaka miwili ninayosema nilipoteza. Ukiambiwa hivyo usibishane naye, nenda katafute ushahidi, rudi nao mezani.

Hatua ya 4: Nyaraka, na namna ya kuzisoma

Kibali kwanza. Barua ya chuo chako, halafu kibali cha utafiti, halafu ofisi ya nyaraka yenyewe. Zanzibar wana taratibu zao na kibali chao, usije ukapanda boti na karatasi za Dar ukadhani zinatosha. Kenya kibali ni cha NACOSTI, tume yao ya sayansi, na nyaraka zao ziko katikati kabisa ya Nairobi, Moi Avenue. Anza kufuatilia mapema mno, miezi, siyo wiki. Nenda na penseli, sweta kama chumba kina kiyoyozi, na daftari moja kubwa. Kila karatasi unayonukuu andika namba ya faili na namba ya ukurasa hapo hapo, usiseme nitakumbuka, hutakumbuka.

Sasa kosa la kila mgeni, anafungua orodha anatafuta mafaili yaliyoandikwa wanawake, anapata machache, mengi ni ya elimu na ustawi wa jamii, anarudi nyumbani anasema wanawake hawamo kwenye nyaraka. Wamo. Wamo kwenye kodi, kwenye kesi, kwenye leseni, kwenye taarifa za zahanati, kwenye malalamiko dhidi ya machifu. Fikiria kodi ya vibanda ambayo Mjerumani aliianza mwaka 1898. Ni kodi ya nyumba, na mwanaume mwenye wake watatu kila mmoja na nyumba yake anadaiwa tatu. Waingereza wakaja na kodi ya wake wengi. Kwahiyo karani wa kodi alilazimika kujua nani ni mke, nani ni mjane, nani karudi kwao, nyumba hii ni ya nani, na mabishano yote yale yako kwenye mafaili ambayo kwa nje yanaonekana ya wanaume na hesabu zao.

Faili lililonigeuza lilikuwa la kodi, mambo ya jumla, wilaya fulani ya migomba. Karatasi kama 80 za hesabu, kisha barua ya nusu ukurasa kwa Kiswahili, mwandiko mzuri wa karani, chini yake alama ya dole gumba, wino umefifia ukawa rangi ya chai. Mama mmoja, mumewe amefariki, shemeji anataka amrithi yeye pamoja na kihamba, shamba la migomba la ukoo. Hataki. Na hoja yake siyo ya kulia lia, anasema nyumba ile kodi ameilipa yeye mwenyewe miaka miwili, risiti anazo mkononi, anaomba bwana DC, mkuu wa wilaya, amwambie, aliyelipa kodi ya nyumba na asiyelipa, nyumba ni ya nani? Pembeni kuna maneno machache ya penseli, apelekwe kwa chifu wake. Basi. Nilikaa na karatasi ile asubuhi nzima. Yule mama aliielewa serikali ile kuliko wengi walioandika juu yake, alichukua kikaratasi walichomtoza nacho pesa akakigeuza hati ya nyumba.

Ukipata karatasi ya namna hiyo jiulize mambo haya kabla hujafurahi: nani aliongea na nani aliandika, maana kati ya mdomo wa yule mama na ile karatasi kuna karani mwanaume aliyejua DC anapenda kusikia nini. Kwanini karatasi ilitunzwa. Na nani alikuwa na haki ya kujibu.

Hilo la mwisho linanipeleka kwa Hans Cory, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu hapa ndipo watu wanaponiuliza historia ya jinsia inasaidia nini. Cory alikuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni Tanganyika, karatasi zake nyingi ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nenda kazione. Alizunguka akikusanya sheria za mila za Wahaya, Wasukuma na wengine, na waliokuwa wanamweleza mila ni nini walikuwa kwa sehemu kubwa wazee wa kiume na machifu. Kilichokuwa kinabishaniwa kila siku, kwamba shangazi anaweza au hawezi kurithi, kikaandikwa kama kanuni isiyobadilika. Baada ya Uhuru ikaja kazi ya kuziunganisha sheria hizo, ambayo Cory mwenyewe alishiriki, na mwaka 1963 zikatangazwa kwenye gazeti la serikali, zikamweka mwanamke nyuma kwenye mirathi na kumzuia kuuza ardhi ya ukoo. Miaka ikapita. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya, akaamua kesi ya mama wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake, mtoto wa kaka yake akapinga kwa kutumia sheria hizo hizo, na jaji akasema zinakwenda kinyume na haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba. Sasa ona, mtu akisimama mahakamani au bungeni akasema mila yetu tangu enzi na enzi mwanamke hauzi ardhi, nani wa kumuuliza enzi ipi, umeipata wapi, nani alimwambia nani mwaka gani? Ni wewe.

Kwa Zanzibar wenyewe mna hazina ya kesi za makadhi. Kumbuka pia kwamba amri ya kuondoa utumwa ya 1897 iliwaacha nje masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa na mabwana zao kama wake, wakaja kuguswa mwaka 1909. Miaka kumi na miwili ile sioni kama tumeitafakari ipasavyo.

Hatua ya 5: Kaa na wazee, na uende sasa hivi

Mwaka 1984 Susan Geiger, mwanahistoria wa Marekani, alikaa na Bibi Titi Mohamed Dar es Salaam akamsikiliza maisha yake, na wanawake wengine wa TANU pia. Kabla ya hapo vitabu vilisema uhuru ulitafutwa na vijana wa kiume waliosoma. Akina mama wakaeleza kitu kingine kabisa: wengi wao walikuwa wanawake wa mjini, Waislamu, shule hawakwenda sana, wengi walishaachika, na walijuana kupitia ngoma. Titi mwenyewe alikuwa mwimbaji. Chama kilipotaka wanawake mwaka 1955 ile mitandao ya ngoma ilikuwepo tayari, mtu akiitwa anakuja na kundi lake zima. Hakuna faili la polisi lingekuambia hilo kwa namna ile. Wengi wa wale waliohojiwa wameshafariki, Bibi Titi mwaka 2000, na kama Geiger asingekuja tungekuwa tunabahatisha.

Namna ya kufanya. Pitia serikali za mitaa kwanza na barua zako, mtendaji wa kata, mwenyekiti, usiingie kijijini kama mwizi. Tafuta mtu wa pale akutambulishe, si kwa cheo chako bali kwa ukoo, wewe ni mtoto wa nani. Ukifika kwa bibi amkia vizuri, shikamoo yako iwe ya kweli, usikimbilie rikoda. Siku ya kwanza mara nyingi mimi sirekodi kabisa, kama anachambua mboga nachambua naye.

Tegemea kwamba mtoto wake wa kiume au mume atakuja kukaa pale na kujibu yeye. Usimkatishe, ni nyumbani kwake. Mhoji yeye kwanza, mpe nafasi yake, andika kweli anayoyasema, halafu omba urudi kesho asubuhi wakati wa kazi za jikoni. Niliwahi kumsikiliza mzee nusu saa akinieleza mahari ya mkewe ilikuwa ng'ombe wangapi na mbuzi wangapi, bibi kanyamaza kimya anapepeta mchele. Kesho yake tuko wawili, akacheka, akasema wale ng'ombe wawili hawajafika kwetu mpaka leo. Halafu akanieleza miaka yote ile baba yake alivyokuwa analitumia hilo deni kila akitaka kumrudisha nyumbani. Ungebaki na mahojiano ya siku ya kwanza ungekuwa na namba safi na uongo mtupu.

Usiulize "hali ya wanawake ilikuwaje", hakuna binadamu anayeweza kulijibu swali hilo. Uliza vitu. Kanga ya kwanza nani alikununulia? Hela ya kuuza vitumbua uliificha wapi? Kitanda mlichoanzia maisha kilikuwa cha nani? Tarehe usimlazimishe, mwulize ilikuwa kabla ya Uhuru au baada, kabla ya kuhamishiwa vijijini, wakati wa vita ya Amin ulikuwa na watoto wangapi, utapata mwaka mwenyewe.

Mambo ya unyago, kungwi akikuambia hili usiandike, usiandike. Hata kama ni sura nzima ya tasnifu inakwenda. Ruhusa uiombe mwanzo na uiombe tena mwisho, kwa sababu mwanzo hakujua atasema nini. Sukari na sabuni peleka kama mgeni yeyote anavyopeleka, lakini usinunue maneno.

Na hifadhi rekodi sehemu tatu. Niliibiwa begi kwenye basi lenye laptopu na rikoda, mahojiano kumi na moja yakaenda, na wawili kati ya wale akina mama walikuwa wameshafariki niliporudi. Hilo linaniuma mpaka leo. Siku hizi kila jioni, nimechoka vipi, nakopi kwenye flashi, napandisha mtandaoni nikipata bando, ndipo nalala.

Hatua ya 6: Masta, PhD na hela

Supavaiza mchague kwa kusoma alichoandika, na kwa kuwauliza wanafunzi wake wa zamani swali moja tu, sura ukimpelekea anairudisha baada ya muda gani? Jina kubwa lisilorudisha sura halikusaidii. Hela za ada angalia DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, angalia vyuo vyenyewe vya nje, na za utafiti mdogo mdogo angalia CODESRIA ya Dakar, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika, ambao wamekuwa wakifanya mafunzo ya jinsia kwa watafiti vijana wa Afrika, na taasisi ya Waingereza ya Nairobi, BIEA. Kwenye andiko lako usiandike kurasa tano za kwamba wanawake wamesahaulika, kila mtu anaandika hivyo. Andika una faili gani, una watu gani, lugha gani unaimudu, na wiki gani utakuwa wapi. Weka kwenye bajeti nauli ya kurudi mara ya pili, wanaosoma maandiko wanajua mahojiano ya mara moja hayatoshi.

Hatua ya 7: Chapisha

Utapata baruapepe za majarida yanayokusifia na kuahidi kukutoa ndani ya wiki moja ukilipa dola kadhaa. Futa. Makala ya kwanza ipeleke Tanzania Zamani, jarida letu la historia, au jarida lingine la huku linalosomwa na watu wanaojua mambo yako, ukishapigwa msasa hapo nenda Journal of African History au Gender & History. Utakataliwa, wote tumekataliwa, soma maoni siku ya tatu si siku ya kwanza.

Na andika Kiswahili pia. Najua hakikupi pointi nyingi za kupanda cheo, lakini mjukuu wa yule bibi hatasoma jarida la Cambridge.

Hatua ya 8: Kazi yenyewe

Ngazi ni mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi ukimaliza masta, mhadhiri ukimaliza PhD, halafu mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, na kila ngazi inataka machapisho na miaka. Madarasa ni makubwa, mitihani ya kusahihisha inajaa meza, utafiti wengi tunaufanya usiku na likizo. Nafasi hazifunguki kila mwaka, kwahiyo usikae ukisubiri chuo kimoja. Wanafunzi niliowafundisha wako makumbusho, wako kwenye redio wanatengeneza vipindi, wengine kwenye mashirika ya haki za wanawake, maana TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, ipo tangu 1987 na TGNP, mtandao wa jinsia, tangu 1993 na wote hao wanahitaji mtu anayeweza kusoma faili la zamani akaeleza sheria ilitoka wapi.

Ukimaliza kuandika, rudisha. Mimi naweka sauti kwenye flashi na nachapa ile sehemu inayomhusu mtu, herufi kubwa, Kiswahili, nabana na stepla, nampelekea mwenyewe au familia yake. Mara ya mwisho binti wa marehemu alisoma kwa sauti pale barazani, akafika kwenye jina la bibi mzaa bibi yake, akasimama. Akasema hili jina limekosewa herufi moja. Nililisahihisha kwenye rasimu ya kitabu jioni ile ile.